Kufungua daftari la Agosti: namna ya kupima utabiri wako wa ligi msimu ukiisha

Mwezi wa Mei, Kondele nzima, mtaa wetu hapa Kisumu, haina mtu aliyekosea. Keti kwa kinyozi Jumatatu baada ya mechi za mwisho usikilize. Huyu alijua Liverpool atabeba. Yule aliona mapema kwamba Man U wataanguka. Wa tatu, ambaye Agosti alikuwa tayari kuweka pikipiki yake rehani kwamba Man City watachukua kombe la tano mfululizo, sasa anasema, "Omera, si nilikwambia City wamezeeka?"

Sisi tulichoka na mchezo huo. Tukanunua daftari la jalada gumu, na linakaa kwenye droo ya kinyozi pamoja na nyembe na unga wa kupaka shingoni. Kila Agosti kila mmoja wetu anaandika timu 20 za Ligi Kuu ya Uingereza (Premier League), kuanzia bingwa hadi ile inayoburuta mkia, anatia sahihi, droo inafungwa. Mimi ndiye mtunzaji. Nilipewa kazi hiyo kwa sababu sina timu Uingereza. Nina K'Ogalo, yaani Gor Mahia wa hapa nyumbani, na huo ni ugonjwa unaonitosha.

Haya ndiyo tunayofanya kila Juni daftari likitoka. Mifano nimeitoa msimu wa 2024/25, ambao ulitandika wengi na kwa hiyo unafundisha kuliko misimu ya kawaida. Unahitaji kalamu, karatasi yenye mistari na alasiri moja. Kikokotoo cha simu kinatosha.

Hatua ya kwanza: leta maandishi, acha kumbukumbu nyumbani

Kama utabiri haukuandikwa, usihangaike kuupima. Si kwamba watu ni waongo. Ukishajua matokeo, kichwa chenyewe kinakwenda kurekebisha ulichofikiri zamani, na unaapa kwa moyo mweupe kabisa. Mimi mwenyewe ningeapa kwamba niliiweka Aston Villa ya sita. Ukurasa wangu unasema ya nne, kwa mwandiko wangu.

Walioandika kwenye WhatsApp watafute ujumbe wenyewe wenye tarehe, si picha ya kukatwakatwa. Ujumbe uliohaririwa huwa na alama yake, na kwetu huo hauhesabiwi.

Angalia pia siku utabiri ulipoandikwa. Msimu wa 2024/25 ulianza Ijumaa tarehe 16 Agosti, Man U wakicheza na Fulham, lakini dirisha la usajili halikufungwa hadi tarehe 30. Kuna mwaka tuliwahi kulegeza, tukasema watu waandike hadi Septemba wakipata nafasi. Mmoja wetu aliandika baada ya mechi tatu, akaongoza, na hadi leo anaitwa "nabii wa Septemba" na hapendi. Muda wa mwisho uwe mmoja kwa wote: kabla ya mpira wa kwanza kupigwa. Anayetaka kubahatisha kwamba mchezaji fulani atauzwa baadaye, abahatishe, huo nao ni utabiri.

Hatua ya pili: chukua msimamo wa mwisho, pamoja na adhabu

Hii ni fupi. Nakili msimamo rasmi, nafasi na pointi, na usiwe na haraka kama kuna kesi. Msimu wa 2023/24 Everton walikatwa pointi 10 mwezi wa Novemba, zikapunguzwa hadi 6 baada ya rufaa, kisha wakakatwa 2 nyingine, jumla 8. Nottingham Forest walikatwa 4. Msimamo rasmi ndio unaohesabika.

Lakini pembeni andika pia pointi zilizopatikana uwanjani. Everton 2023/24 walimaliza wa 15 wakiwa na pointi 40. Mwaka uliofuata wakamaliza wa 13 wakiwa na 48. Mtu akiangalia nafasi atasema wamepanda. Rudisha zile 8 walizokatwa uone: 40 na 8 ni 48. Ilikuwa timu ile ile. Aliyeandika Agosti kwamba "Everton wako vizuri kuliko msimamo unavyosema" alistahili kusikilizwa, na kwetu aliyesema hivyo ni mama anayeuza omena mlango wa pili, ambaye wengi walidhani anaandika tu ili asiachwe nje.

Hatua ya tatu: hesabu mapengo

Kwa kila timu, toa nafasi uliyoiandika kwenye nafasi iliyomaliza, usijali alama ya kutoa. Ulisema Chelsea wa 6, wamemaliza wa 4: pengo ni 2. Ulisema Arsenal wa 2, wamemaliza wa 2: sufuri. Jumlisha mapengo yote 20. Hiyo ndiyo alama yako, na ndogo ndiyo nzuri.

Mwalimu wetu wa hesabu alituonyesha njia ya kukagua kazi: jumla ya mapengo lazima iwe namba shufwa. Daima. Ukipata 57 au 71, ama umekosea kujumlisha, ama umeandika timu moja mara mbili na kusahau nyingine. Mara ya kwanza tulipokagua hivyo, kurasa tatu zilirudishwa kwa wenyewe, na mmoja alikuwa hajaandika Wolves popote.

Sasa, 70 ni nzuri au mbaya? Hapa watu wengi huishia, wanapanga majina na kupeana soda. Vuta kiti kidogo. Ukipata sufuri umepatia kila kitu, jambo ambalo hutaliona. Ukigeuza msimamo wote juu chini, bingwa chini na wa mwisho juu, utapata 200, na hakuna kibaya zaidi ya hapo. Ukitia majina 20 kwenye kofia na kuyatoa moja moja umefumba macho, kwa wastani utapata 133. Kwa hiyo aliyepata 90 ameishinda kofia. Lakini kofia haijawahi kutazama mpira. Inahitajika kipimo kikali zaidi.

Hatua ya nne: jilinganishe na mvivu

Hii ndiyo hatua iliyobadilisha daftari letu, na kama huna muda wa nyingine fanya hii.

Mchukue mtu asiyefikiri chochote. Agosti amechukua msimamo wa msimu uliopita, akaunakili jinsi ulivyo. Timu tatu zilizoshuka amezifuta, akaweka zilizopanda daraja nafasi ya 18, 19 na 20 kwa mpangilio waliopandia. Hajasoma habari za usajili wala kubishana na mtu. Dakika mbili amemaliza, amekwenda kula. Sisi tunamwita Mvivu, na ana ukurasa wake kwenye daftari kama mwanachama mwingine.

Tumpime kwa 2024/25. Msimamo wa 2023/24 ulikuwa City, Arsenal, Liverpool, Villa, Spurs (Tottenham), Chelsea, Newcastle, Man U, West Ham, Palace, Brighton, Bournemouth, Fulham, Wolves, Everton, Brentford, Forest. Waliopanda walikuwa Leicester, Ipswich na Southampton. Mapengo yake kwa mpangilio huo:

City 2, Arsenal 0, Liverpool 2, Villa 2, Spurs 12, Chelsea 2, Newcastle 2, Man U 7, West Ham 5, Palace 2, Brighton 3, Bournemouth 3, Fulham 2, Wolves 2, Everton 2, Brentford 6, Forest 10, kisha sufuri tatu. Leicester walimaliza wa 18, Ipswich wa 19, Southampton wa 20, jinsi Mvivu alivyoandika.

Jumla: 64.

Mimi nilipata 70. Nilikuwa nimesoma habari za usajili miezi miwili na kutazama mechi za kirafiki usiku, nikaandika sababu ndefu kama wasia, na mtu asiyekuwepo akanishinda kwa pointi sita. Siku hiyo kinyozi alicheka hadi akazima mashine katikati ya kichwa cha mteja.

Tena angalia hili. Ukimpima Mvivu kwa msimu wa 2023/24 akitumia msimamo wa 2022/23, anapata 54. Maana yake ni kwamba misimu haifanani ugumu. Aliyepata 60 mwaka ule alishindwa na Mvivu. Aliyepata 60 mwaka uliofuata alimshinda. Kwa hiyo usijisifu wala kujilaumu kwa kulinganisha alama yako ya mwaka huu na ya mwaka jana. Toa alama ya Mvivu kwanza, na namba inayobaki ndiyo uiandike kwenye jalada la ndani, mwaka kwa mwaka.

Hatua ya tano: tazama makosa yamekaa wapi

Rudi kwenye ile orodha ya Mvivu. Spurs 12, Forest 10, Man U 7, Brentford 6, West Ham 5. Hizo ni timu tano, na zimebeba 40 katika zile 64. Timu nyingine 15 zimegawana 24.

Ligi ndivyo ilivyo. Timu nyingi husogea nafasi mbili tatu, na chache hupasuka. Ukitaka kumshinda Mvivu huhitaji kubadilisha kila mstari. Unahitaji kutambua mbili tatu zitakazopasuka na kuacha nyingine zikae. Wengi wetu tunafanya kinyume. Tunasogeza kila timu kidogo ili ukurasa uonekane wa mtu aliyefikiri, na kila msogezo usio na sababu unakula pointi. Nilipokagua ukurasa wangu, nilikuta kwamba nilizisogeza timu 16, na katika hizo 9 ningezipatia vizuri zaidi kama ningekaa kimya.

Kisha tenganisha pengo la kweli na pengo la bahati. Newcastle walimaliza wa 5 na Villa wa 6, wote wakiwa na pointi 66, wakatenganishwa na tofauti ya mabao. Forest wa 7 walikuwa na 65. Aliyewapanga hao watatu kinyume hakukosea kitu cha maana, ingawa tofauti hiyo iliwapa Newcastle Ligi ya Mabingwa na kuwanyima Villa. Chini vilevile, Man U wa 15 na Wolves wa 16 walikuwa na 42 kila mmoja. Mapengo ya namna hiyo yazungushie duara kwa penseli na usiyalilie. Watu wa upande wetu tunalijua jambo hili bila kwenda Uingereza: msimu wa 2021/22 Kakamega Homeboyz walimaliza na pointi 63 sawa na Tusker, na tofauti ya mabao ikawapa Tusker ubingwa. Aliyetabiri Homeboyz bingwa mwaka ule daftari linasema alikosa. Mimi sithubutu kusimama Bukhungu, uwanja wa Kakamega, na kumwambia hivyo.

Hatua ya sita: soma sababu

Hapa ndipo alasiri yote inapoishia, na ndipo palipo na faida. Kwetu kila anayesogeza timu zaidi ya nafasi tatu kutoka kwa Mvivu lazima aandike sababu kwa sentensi moja. Bila sababu, Juni una namba tu, na namba haikwambii ufanye nini Agosti ijayo.

Soma sababu kwa sauti, mbele ya watu. Jiulize mambo mawili kwa kila moja: je, jambo ulilosema lilitokea? Na je, matokeo uliyoyatarajia yalifuata? Majibu yake hayaendi pamoja kama unavyodhani.

Liverpool. Mmoja wa waendesha boda aliwaweka wa 7 akaandika: "Klopp ameondoka, kocha mpya atachukua muda." Klopp kweli aliondoka. Arne Slot alikuja kutoka Feyenoord, hawakununua karibu mtu isipokuwa Chiesa, na wakabeba ligi kwa pointi 84, kumi juu ya Arsenal, Salah akifunga mabao 29. Jambo lilikuwa kweli, matokeo hayakufuata. Kosa lilikuwa kudhani kocha ndiye timu, na kusahau kwamba wachezaji walikuwa wale wale waliomaliza wa tatu. Hilo ni kosa la kufikiri, na unaweza kulirekebisha.

Brentford ni mfano wa namna hiyo hiyo. "Toney akiuzwa wataporomoka." Toney aliuzwa siku ya mwisho ya usajili. Brentford wakapanda kutoka wa 16 hadi wa 10, Mbeumo akifunga 20 na Wissa 19. Sababu ilihesabu mabao yaliyoondoka, haikuuliza nani atapata nafasi ya kufunga.

City. Karibu wote tuliwaweka wa kwanza. Tarehe 22 Septemba kiungo wao Rodri aliumia goti dhidi ya Arsenal, na timu iliyomaliza na pointi 91 ikamaliza na 71. Agosti hakuna aliyeweza kujua goti la mtu. Andika "jeraha" pembeni na usibadilishe mawazo yako kuhusu City kwa sababu hiyo peke yake. Ila usilitumie jeraha kama blanketi la kufunika kila kitu. Wengine walikuwa wameona mapema kwamba kikosi kile hakina mtu wa kushika nafasi ya Rodri, na hilo lilionekana hata Agosti. Tulibishana jambo hili hadi stima ikapotea, tukaendelea gizani.

Spurs ndio walionifundisha zaidi. Walimaliza wa 17 kwa pointi 38, wamepoteza mechi 22. Lakini angalia mabao: walifunga 64, wakafungwa 65. Tofauti ya bao moja tu. Kuanzia Everton wa 13 hadi Southampton wa 20 hakuna aliyekuwa na tofauti nzuri kuliko hiyo. Timu ya namna hiyo kwa kawaida haiwi ya 17. Walikuwa na majeruhi wengi nyuma, na mwisho wa msimu macho yao yalikuwa Ulaya. Tarehe 21 Mei 2025, huko Bilbao, wakawafunga Man U 1-0 na kuchukua Europa League, na hivyo wakaingia Ligi ya Mabingwa kutoka nafasi ya 17. Sasa mtu aliyeandika "Spurs watarudi Ligi ya Mabingwa" na kuwaweka wa 4: alikosea kwa nafasi 13, na alisema kweli. Tulimpa mandazi.

Kuna upande wa pili ambao watu hawapendi kuukagua: kupatia kwa sababu mbovu. Shabiki mmoja wa Arsenal aliwaweka Spurs wa 11. Katika daftari lote ndiye aliyewakaribia zaidi. Tulipofungua sababu yake tukakuta: "Siwapendi." Pengo lake ni dogo kuliko la wote, na hana alichojifunza. Mwaka ujao chuki hiyo hiyo itamgharimu. Kwa hiyo soma sababu za mistari uliyopatia kwa ukali ule ule, hata zaidi, maana hapo hakuna anayekuuliza.

Hatua ya saba: vifuniko vya soda

Orodha ya timu 20 ina kasoro moja: haionyeshi ulikuwa na uhakika kiasi gani. Aliyeandika City wa kwanza huku anatetemeka na aliyeandika City wa kwanza kwa kiapo wanapata alama ile ile.

Kwa hiyo kila Agosti kila mtu anapewa vifuniko 10 vya soda kwa swali la bingwa. Unavigawa upendavyo kati ya timu. Mtunzaji anaandika mgawo.

Msimu ukiisha: kwa bingwa, chukua 10 utoe vifuniko ulivyompa, kisha zidisha jibu kwa lenyewe. Kwa kila timu nyingine uliyoipa, zidisha vifuniko vyake kwa vyenyewe. Jumlisha. Ndogo ndiyo nzuri.

Kinyozi aliweka 10 zote kwa City: 100 kwa ajili ya City, na 100 kwa Liverpool aliyemnyima. Jumla 200, hakuna mbaya zaidi. Mwalimu aliweka City 6, Arsenal 3, Liverpool 1: 36, na 9, na 81, jumla 126. Mama wa omena aliweka City 4, Arsenal 3, Liverpool 3: 16, na 9, na 49, jumla 74. Yeye naye hakumtaja Liverpool kuwa wa kwanza. Lakini alijua asichokijua, jinsi anavyojua asinunue omena wote wa siku moja kwa bei ya asubuhi.

Kuzidisha namba kwa yenyewe kuna maana yake. Kunafanya kiapo kiwe na maumivu kuliko shaka. Anayetaka kuapa aape, ila alipe.

Swali moja kwa mwaka halitoshi kumjua mtu. Ongeza mengine ya ndiyo na hapana: je, Newcastle watakuwa tano bora? Je, timu zote tatu zilizopanda zitashuka? (Hilo la pili lilitokea 2023/24 na likarudi 2024/25, ilhali kabla ya hapo lilikuwa limetokea mara moja tu tangu Premier League ianze, msimu wa 1997/98. Mwaka mmoja nyuma, 2022/23, zote tatu zilibaki.) Baada ya miaka kadhaa kusanya kila mahali ulipoweka vifuniko 7. Kama katika kila kumi yalitokea saba hivi, unajijua. Kama yalitokea manne, unaongea kuliko unavyojua.

Hatua ya nane: pima moyo

Mwamba ngoma huvutia kwake. Chukua timu unayoipenda, safari hii usifute alama ya kutoa, na uangalie misimu mitatu pamoja. Shabiki wetu wa Man U aliandika "wa 2" miaka mitatu mfululizo. Walimaliza wa 3, wa 8, wa 15. Mapengo 1, 6, 13, yote upande mmoja. Bahati huwa inayumba huku na huku. Pengo likikaa upande mmoja miaka mitatu, huo ni moyo, na dawa yake ni ya hesabu: andika unavyoona, kisha ishushe timu yako nafasi tatu kabla ya kutia sahihi. Alikataa. Akasema afadhali akosee akiwa Man U kuliko apatie akiwa mgeni. Tumemwachia.

Mimi sina la kumcheka. Tuna ukurasa wa ligi ya nyumbani pia, timu 18, na hapo kofia hutoa karibu 108 na msimamo wa kugeuza juu chini hutoa 162. (Kwa ligi yoyote: idadi ya timu izidishe kwa yenyewe, toa moja, gawa kwa tatu, hiyo ni kofia. Kwa pengo kubwa kabisa, izidishe kwa yenyewe na ugawe kwa mbili.) Gor Mahia walikuwa wamechukua ubingwa 2023 na 2024, wa 20 na wa 21. Nikaandika wa kwanza tena. Kenya Police wakachukua ubingwa wao wa kwanza kabisa, Gor wakawa wa pili. Pengo 1, kitu kidogo. Kisha kinyozi akasoma sababu yangu kwa sauti: "K'Ogalo ni K'Ogalo." Hapakuwa na kingine kwenye mstari huo.

Hatua ya tisa: andika ya Agosti ukiwa bado na uchungu

Usisubiri. Agosti utakuwa umesahau. Siku ile ile, kabla watu hawajatawanyika, fungua ukurasa mpya, andika Mvivu wa msimu ujao ili asije akabadilishwa. Wetu uliandikwa hivi: Liverpool, Arsenal, City, Chelsea, Newcastle, Villa, Forest, Brighton, Bournemouth, Brentford, Fulham, Palace, Everton, West Ham, Man U, Wolves, Spurs, na chini Leeds, Burnley, Sunderland.

Chini yake kila mtu anaandika jambo moja atakalobadilisha. Moja tu, aliyeandika matano mwaka juzi hakufuata hata moja. Langu: sitasogeza timu bila sababu ninayoweza kuisoma kwa sauti. La kinyozi: hataweka vifuniko zaidi ya 6 kwa timu moja. La shabiki wa Man U ni mstari mtupu, ametia sahihi.

Kisha malipo. Aliyeshindwa na Mvivu kwa pengo kubwa zaidi anamnunulia mshindi samaki kule Dunga, ufuoni mwa ziwa. Mwaka huo mshindi alikuwa mama wa omena, alama 56, nane mbele ya Mvivu. Alikataa samaki. Alisema yeye samaki anawaona kutoka asubuhi hadi jioni, apewe kuku.